Samaki Mvuvi wa Kilindini na Nchi Isiyo na Pwani

Hotuba iliyotolewa Entebbe mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu wao na wavuvi wa ziwa, na kuhaririwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.

Waheshimiwa walimu, wazee wangu wa mwaloni, vijana wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze juu ya samaki mvuvi, samaki ambaye hakuna yeyote kati yetu aliyepata kumtia wavuni, anayeishi katika bahari ambayo nchi yetu haina hata hatua moja ya pwani yake. Najua swali lililo mioyoni mwa baadhi yenu, hasa wazee walioacha mukene wao, dagaa wa ziwani, juani ili waje kunisikiliza: mambo ya kilindi cha bahari yanatuhusu nini sisi watu wa ziwa? Yanatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya elimu, kwa kuwa mwili wa samaki huyu umetatua tatizo ambalo madaktari wetu wanahangaika nalo hadi leo. Ya pili ni ya sheria, kwa kuwa sehemu kubwa ya sakafu ya bahari duniani ni mali ambayo Uganda ina fungu ndani yake kwa mkataba iliouridhia yenyewe, na mwenye fungu asiyejua kilichomo hugawiwa makombo. Nitaanza na samaki, kisha nishuke sakafuni, kisha nije kwenye sheria.

Wengi wenu mlikwisha kumwona kwenye simu. Mwishoni mwa Januari 2025, watafiti waliokuwa wakitafuta papa karibu na kisiwa cha Tenerife, katika Visiwa vya Kanari vya Hispania, walikutana na samaki mweusi mwenye kinywa kilichojaa meno marefu, akiogelea wima karibu na uso wa maji mchana kweupe. Alikuwa jike wa spishi iitwayo Melanocetus johnsonii, ambaye makao yake ya kawaida yako mamia na maelfu ya mita chini. Alikuwa dhaifu, akafa baada ya saa chache, na mwili wake ukapelekwa katika makumbusho ya Santa Cruz de Tenerife. Video ile ilizunguka dunia nzima, na hapa kwetu niliisikia ikiitwa jini, shetani wa bahari na dalili ya mwisho wa dunia. Kilichonishangaza ni kwamba karibu hakuna aliyeuliza ukubwa wake. Jini huyo alikuwa na urefu wa sentimita 6 hivi. Angelala katika kiganja cha mtoto na nafasi ikabaki. Hata majike wakubwa wa spishi hiyo hawazidi sentimita 20, yaani ni wadogo kuliko ngege wa kawaida wa sokoni.

Msisimko ule, hata hivyo, ulikuwa na sababu yake. Jamaa za samaki huyu wamejulikana kwa wanasayansi tangu mmoja wao alipookotwa ufukweni Greenland mwaka 1833, akaelezwa miaka michache baadaye na Johannes Reinhardt, mtaalamu wa wanyama wa Denmark. Kwa muda mrefu tangu hapo walijulikana kwa maiti tu: waliotupwa na mawimbi, walionaswa na nyavu za meli za utafiti wakafika juu wakiwa wamepasuka na kuchubuka, na waliotolewa matumboni mwa nyangumi. Video inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Melanocetus akiwa hai kwao kilindini ilipigwa mwezi wa Novemba 2014 katika ghuba ya Monterey, California, kwa roboti ya taasisi ya utafiti iitwayo MBARI, kwenye kina cha mita 580. Ni elimu changa basi. Kijana aliye kidato cha kwanza leo alikuwa amekwisha kuzaliwa video hiyo ilipopigwa, au alikuwa tumboni mwa mama yake.

Tupime kwanza mahali penyewe. Ziwa letu, Nalubaale, ambalo ramani huliita Victoria, kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi. Kina cha wastani cha bahari, wastani tu, ni karibu mita 3,700. Chini ya mita 200 mwanga wa jua hautoshi tena kuotesha mimea, na kufikia mita 1,000 hakuna jua kabisa, wala asubuhi wala adhuhuri. Kila mita 10 za kushuka huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 3,000 kiumbe hubeba mgandamizo wa takribani mara 300 ya huu tunaouhisi hapa. Maji yana baridi ya nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Chakula ni kidogo mno: kinachofika huko ni mabaki ya viumbe wa juu, kinyesi chao na vipande vya mizoga, vinavyoshuka polepole kwa siku na majuma, na vingi huliwa njiani kabla havijafika. Katika hali hiyo mnyama anayekimbizana na windo lake hutumia nguvu nyingi kuliko atakayoipata. Ndiyo maana nyama ya samaki hawa ni ya majimaji, mifupa yao ni myembamba na misuli yao ni haba. Wameacha kukimbia. Wanangoja.

Kungoja kwenyewe kunahitaji ujanja, na wazee wa mwaloni hawana haja ya kufundishwa ujanja huo. Usiku usio na mwezi mnawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi za sola, mukene wanajikusanya kwenye mwanga, na wavu unapandishwa kutoka chini yao. Samaki mvuvi anafanya kazi hiyohiyo, ila kwake mvuvi, taa na wavu ni mwili mmoja. Mwiba wa kwanza wa pezi lake la mgongoni umehamia mbele, juu ya pua, ukawa fimbo. Na katika spishi nyingi za kilindini ncha ya fimbo hiyo ina kitundu kilichojaa bakteria wanaotoa mwanga wa kijani au buluu. Mwaka 2018 wanasayansi waliwapa majina bakteria wa aina mbili kati ya hao, Enterovibrio escacola na Enterovibrio luxaltus, baada ya kugundua kwamba jeni zao zimepungua sana zikilinganishwa na za jamaa zao wanaoishi peke yao majini. Samaki mchanga hana bakteria hao. Inaelekea huwapata kutoka majini anapokua na kushuka. Kila spishi ina ncha yenye umbo lake, nyingine na vishada, nyingine na matawi, na wataalamu hutofautisha majike kwa kuitazama hiyo. Wapo pia walio tofauti: samaki wa jamii ya Linophryne wana ndevu chini ya kidevu inayowaka kwa kemia ya mwili wao wenyewe bila msaada wa bakteria, na Neoceratias hana fimbo wala taa.

Mwenye taa ana tatizo ambalo asiye nayo hanalo: mwanga unaomvuta mlengwa unaweza kumfichua mwenyewe. Ngozi yake imejibu tatizo hilo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima ngozi za samaki weusi wa kilindini, na mweusi kuliko wote alikuwa samaki mvuvi wa jamii ya Oneirodes, ambaye ngozi yake humeza karibu asilimia 99.95 ya mwanga unaoiangukia. Chembe za rangi nyeusi zimepangwa kwa wingi na kwa ukubwa unaofanya mwanga uliokosa kumezwa na chembe moja usukumwe pembeni hadi kwenye nyingine. Hata utando wa ndani ya tumbo ni mweusi, kwa sababu windo lililomezwa linaweza kuwa na mwanga wake lenyewe, na tumbo linalong'aa lingemwita adui. Tumbo hilo hutanuka kiasi cha kupokea mnyama mkubwa kuliko aliyemmeza. Anayekula mara chache hawezi kuchagua.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningelieleza hata kama ningepewa dakika tano tu. Yote niliyosema hadi hapa, fimbo, taa na meno, yanahusu majike. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua madume wako wapi. Mwaka 1922 mtaalamu wa samaki wa Iceland, Bjarni Sæmundsson, alichunguza jike wa Ceratias holboelli akakuta samaki wawili wadogo wamegandamana na tumbo lake kwa midomo yao, akadhani ni watoto. Miaka mitatu baadaye Charles Tate Regan wa makumbusho ya London alimpasua mmoja wa samaki wadogo wa namna hiyo, akaona kwamba hakuwa mtoto: alikuwa dume, mtu mzima, na mdomo wake ulikuwa umeungana na ngozi ya jike kiasi kwamba haikuwezekana kuonyesha mmoja anaishia wapi na mwingine anaanzia wapi.

Mambo huwa hivi. Dume huzaliwa akiwa na sura isiyotofautiana sana na ya jike, akikulia karibu na uso wa bahari penye chakula. Anapokomaa huacha kukua, na katika spishi nyingi hapati tena njia ya kula vizuri. Kinachokua ni macho au matundu ya pua, kwa kuwa kazi iliyobaki ni moja, kumtafuta jike gizani kwa harufu aliyoiacha majini na labda kwa umbo la taa yake. Akimpata humng'ata. Katika baadhi ya spishi, kama huyu Melanocetus wa Tenerife, humshika kwa muda tu, mayai yakatoka, akaachia. Katika nyingine haachii kamwe. Ngozi huungana na ngozi, mishipa ya damu ya jike huingia kwa dume, naye hulishwa kwa damu hiyo, macho yake yakififia, hadi abaki kiungo cha uzazi cha mwili wa mwenzake. Jike wa Cryptopsaras couesii amewahi kupatikana na madume wanane mwilini. Jike wa Ceratias holboelli huweza kupita urefu wa mita 1, na dume wa Photocorynus spiniceps aliyepimwa akiwa amekomaa na kuungana na jike wake alikuwa na milimita 6.2 tu, mmoja wa wanyama wenye uti wa mgongo wadogo kabisa kuwahi kupimwa wakiwa watu wazima. Vijana wanacheka, na wanaume walio nyuma naona hawacheki, tuendelee.

Daktari hulitazama jambo hili akauliza: kinga ya jike iko wapi? Mwili wowote wenye uti wa mgongo ukitiwa kiungo cha mwili mwingine hukitambua kuwa ni mgeni, ukakishambulia. Mwezi wa Desemba 2023 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago walipandikiza figo kwa mara ya kwanza nchini, na mgonjwa anayepokea figo ya namna hiyo, hata ikitoka kwa ndugu wa tumbo moja, huingia katika maisha ya kumeza kila siku dawa za kutuliza kinga, dawa zinazomwacha wazi kwa maradhi mengine. Jike wa samaki mvuvi hupokea mwili mzima wa mgeni, au wanane, asiugue. Mwaka 2020 watafiti kutoka Ujerumani na Marekani walichapisha jibu baada ya kusoma jeni za spishi kadhaa. Wale wanaoungana kwa muda wamepoteza baadhi ya jeni zinazoboresha kingamwili. Wale wanaoungana moja kwa moja wamepoteza zaidi. Na katika spishi ambazo jike hubeba madume wengi, zimeharibika hata jeni ziitwazo rag, ambazo bila hizo mwili hauwezi kutengeneza kingamwili wala chembe nyeupe zinazojifunza kuwinda vijidudu. Mtoto wa binadamu aliyezaliwa na kasoro hiyo hawezi kuishi muda mrefu bila matibabu makubwa. Samaki hawa wanaishi, maana yake ni kwamba ile kinga ya kuzaliwa nayo, ambayo vitabu vya shule huieleza kuwa ni ya awali na hafifu, inaweza kubeba mzigo wote ikiachiwa nafasi. Sisemi kwamba kesho Mulago watatibu figo kwa samaki. Nasema kwamba swali wanaloliuliza madaktari lina jibu moja lililokwisha kuandikwa na maumbile, na jibu hilo linaelea kwenye mita 2,000.

Nimesema linaelea, na hapo ndipo panapotakiwa marekebisho ambayo hata baadhi ya vitabu vya picha vya shule vinayahitaji. Samaki mweusi mwenye taa huchorwa mara nyingi akiwa amekaa juu ya mchanga wa chini kabisa. Kwa kawaida hayuko huko. Yeye na spishi zaidi ya 160 za kundi lake wengi wao huishi katika maji ya kati, na chini yao mara nyingi kuna kilomita nyingine mbili au tatu za maji kabla ya sakafu. Wanaokaa sakafuni ni ndugu zao wengine. Wapo wa jamii ya Lophius, wakubwa, bapa, wanaovuliwa Ulaya na kuuzwa kwa bei nzuri kwa ajili ya nyama ya mkia. Ni hao ambao Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliwaeleza zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, jinsi wanavyojifukia mchangani na kutikisa nyuzi zilizoota mbele ya macho ili kuvuta samaki wadogo. Wapo wenye umbo la pembetatu wanaotembea kwa mapezi juu ya tope, wakiwa na fimbo fupi sana inayorudi ndani ya kijishimo juu ya kinywa. Na wapo wa jamii ya Chaunax, wanene, wa rangi ya waridi au nyekundu, wenye ngozi iliyojaa vijiiba vidogo.

Jamaa mmoja wa hao wa mwisho, Chaunacops coloratus, alielezwa mwaka 1899 kwa sampuli moja, kisha hakuonwa akiwa hai hadi mwaka 2002, roboti ya MBARI ilipofika kwenye mlima wa Davidson, ambao ni mlima mzima wa volkano ulio chini ya maji mbali kidogo na pwani ya California. Picha zake ningependa kila mwalimu wa biolojia awe nazo. Samaki ameketi juu ya mwamba kwa mapezi manne, mawili ya mbele madogo na mawili ya pembeni yaliyopinda kwenye kiwiko. Fimbo yake imelala katika shimo lililo kati ya macho, na ncha yake ni kishada cha nyuzi kisicho na taa yoyote. Wadogo wana rangi ya buluu, wakubwa ni wekundu, na huko chini ambako mwanga mwekundu haufiki, mwekundu haonekani. Roboti ilipokaribia, alipiga hatua kadhaa kwa mapezi yake, kisha ndipo akaamua kuogelea. Alikuwa kati ya mita 2,200 na 3,300 chini, na anatembea kwa miguu.

Kati ya makundi haya mawili, la maji na la sakafu, mpaka hauko wazi kama michoro inavyodai. Tafiti za jeni zilizochapishwa mwaka 2024 zinaonyesha kwamba hao weusi wa maji ya kati walitokana na mababu waliotambaa sakafuni, wakahamia juu kati ya miaka milioni 50 na 35 hivi iliyopita. Baadhi yao wanaelekea kurudi. Mwaka 1952 meli ya Denmark iitwayo Galathea ilinasa, kwenye kina cha takribani mita 3,600 upande wa magharibi wa Amerika ya Kati, samaki ambaye taa yake haiko juu ya pua bali inaning'inia kutoka kwenye paa la kinywa, ndani ya meno. Samaki wa jamii hiyo, Thaumatichthys, hukaa karibu na sakafu, kinywa wazi, na windo hujileta lenyewe hadi ndani. Halafu yupo Gigantactis, mwenye fimbo ndefu kuliko mwili wake. Mwaka 2002 ilichapishwa taarifa ya samaki wa jamii hiyo aliyepigwa video kwenye kina cha karibu mita 5,000 kati ya Hawaii na California, akielea na mkondo bila kutikisika, mita chache juu ya tope, mgongo chini tumbo juu, fimbo ikielekea sakafuni. Miaka yote vitabu vilimchora mgongo ukiwa juu. Inaelekea alikuwa akiwavua viumbe wa chini kutoka juu, na mimi binafsi nikiulizwa nichague samaki mmoja tu kilindini, nitamchagua huyo.

Sakafu yenyewe haifanani kila mahali. Kuna miteremko mikali inayoshuka kutoka kwenye mabara, yenye mabonde yaliyochimbwa na maporomoko ya tope. Kuna milima kama huo wa Davidson, ambako mikondo hupiga mwamba na kuleta chakula, na kwa hiyo matumbawe ya maji baridi na sifongo huota humo kwa mamia ya miaka, yakiwapa samaki na kaa mahali pa kujibanza. Na kuna tambarare za tope laini, kubwa kupita savana yoyote ya Afrika, ambazo wasafiri wa zamani walizidhania kuwa jangwa. Katika baadhi ya tambarare hizo tope limebeba vinundu vyeusi vya madini, upana wa sentimita chache kila kimoja, vyenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti, vilivyokua kwa milimita chache katika kila miaka milioni. Juu ya vinundu hivyo hushika sifongo na viumbe wengine wasioweza kushika tope. Jongoo bahari na viti vya pweza hupita kati yake.

Hapo ndipo Uganda inapoingia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ulipitishwa mwaka 1982, nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, na ulianza kutumika mwaka 1994. Kifungu chake cha 136 kinasema kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi zote, pamoja na madini yake, ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Kifungu cha 140 kinakwenda mbali zaidi: shughuli za huko zifanywe kwa manufaa ya wanadamu wote bila kujali mahali nchi ilipo, iwe ina pwani au haina. Walioandika maneno hayo walikuwa wakitufikiria sisi, Rwanda, Burundi na Zambia. Mkataba uliunda mamlaka ya kusimamia sakafu hiyo, yenye makao yake Kingston, Jamaika, na kila nchi iliyouridhia ni mwanachama bila ya kuomba. Kwa hiyo Uganda ina kiti. Kukikalia ni jambo jingine, na ni haki ya raia kuuliza nani anakikalia na anasema nini.

Swali hilo lina uzito kwa sababu vinundu vile vinatakiwa na watengenezaji wa betri. Eneo linalotazamwa zaidi, liitwalo Clarion-Clipperton, liko kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 5,500, na ukubwa wake ni kilomita za mraba milioni 4.5 hivi, karibu mara 19 ya Uganda. Mamlaka ya Kingston imetoa mikataba ya utafutaji. Ya uchimbaji wa kibiashara haijatoa, na kanuni zake zimejadiliwa kwa miaka mingi. Mashine iliyokusudiwa hutembea sakafuni ikifyonza vinundu pamoja na tope la juu, hupandisha vinundu melini kwa bomba, na maji machafu yaliyobaki hurudishwa baharini. Yakirudishwa katika maji ya kati, wanasayansi wanahofia kwamba wingu la tope litatanda katika makao ya samaki wanaowasiliana, kuwinda na kutafutana kwa vimwanga vidogo. Dume wa milimita chache anayemtafuta jike kwa harufu na kwa taa hana njia ya tatu.

Madhara ya sakafuni yamekwisha kupimwa. Mwaka 1989 watafiti wa Ujerumani waliburuza plau juu ya uwanja wa vinundu katika Bahari ya Pasifiki upande wa Peru, zaidi ya mita 4,000 chini, ili waone sakafu itapona kwa muda gani. Waliporudi mwaka 2015, baada ya miaka 26, mifereji ya plau ilikuwa bado inaonekana waziwazi, na viumbe wa ndani yake walikuwa bado hawajarudi kama zamani. Wenzetu wa Kasese hawahitaji kwenda Pasifiki kulielewa hilo. Shaba ya Kilembe iliacha kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki yake yako palepale kando ya mto Nyamwamba, na mto huo unapofurika huyabeba kuelekea mashambani. Huko angalau mtu anaweza kusimama ukingoni, akaona, akalalamika.

Na kwa kuwa sasa sisi pia ni nchi ya mafuta, niongeze mfano mmoja. Mtambo wa Deepwater Horizon ulipolipuka tarehe 20 Aprili 2010 katika Ghuba ya Meksiko, mafuta yalitoka kwenye kisima kilicho mita 1,500 chini ya maji kwa karibu miezi mitatu. Mwaka uleule wataalamu walikuwa wakichapisha maelezo ya samaki wavuvi wawili wapya wa sakafuni, wadogo na bapa, wa jamii ya Halieutichthys. Eneo lililojulikana kuwa makao ya mmoja wao, Halieutichthys intermedius, lilikuwa karibu lote ndani ya eneo la ajali. Alipata jina na janga katika mwaka mmoja. Bomba letu la mafuta litaishia Chongoleani, Tanga, na ingawa ndugu zetu wa Tanzania ndio wenye pwani, mafuta yatakayopakiwa melini hapo yatakuwa yametoka kwetu Bunyoro.

Nimalizie kwa wanafunzi, ambao najua wanajiuliza mtu wa Entebbe ataanzia wapi bila meli wala roboti. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Marekani, Nicholas Long na Stacy Farina, walichapisha ugunduzi juu ya Chaunax, yule mnene wa sakafuni: hujaza matamvua maji, mwili ukavimba, kisha huyazuia kabla ya kuyatoa, kwa sekunde 26 hadi dakika 4, jambo linaloonekana kumsaidia kuokoa nguvu. Hawakushuka baharini kwa ajili ya kazi hiyo. Walikaa mbele ya skrini wakitazama video zilizopigwa na roboti za shirika la serikali ya Marekani liitwalo NOAA, ambazo zimewekwa wazi bure kwenye intaneti, wakihesabu muda kati ya pumzi moja na nyingine. Safari za meli yao Okeanos Explorer zimekuwa zikirushwa moja kwa moja, na za zamani zimehifadhiwa pamoja na tarehe, mahali na kina cha kila mbizi. Shule yenye kompyuta moja na saa ya ukutani inatosha kuanza, na ningeshauri muanze na mbizi za milimani, kwa sababu kwenye tambarare mtatazama tope kwa muda mrefu sana kabla samaki hajapita.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nimeona mkono wa mzee pale nyuma tangu nilipotaja bei ya Lophius. Mzee wangu, karibu.